Mkono wa Kati: Maneno juu ya Msaada wa Mgeni na Haki ya Asiye na Mtu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Kila sifa njema ni yake Yeye, Mola wa viumbe vyote, aliyegawanya riziki kwa hekima yake, akamjaribu tajiri kwa fakiri na fakiri kwa tajiri. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, aliyekuwa kimbilio la mayatima na wanyonge, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika baraza za miji ya pwani, watu wakisha sali alasiri wakaketi kwa kahawa, mara nyingi huzuka mas'ala ya misaada iletwayo na wageni kutoka nchi za mbali kwa ajili ya wanyonge wa nchi masikini. Na katika mas'ala haya husikiwa kauli tatu.

Kauli ya kwanza ni ya mwenye fakhari. Yeye husema ya kuwa kupokea kwa mgeni ni udhalilifu, khasa akiwa mgeni huyo si Mwislamu, na ya kuwa ni afadhali mtu afe na njaa kuliko ale cha masimbulizi. Kauli ya pili ni ya aliyekata tamaa. Yeye husema ya kuwa mali hiyo huliwa njiani na wenye nguvu, basi kuitoa ni kuwanenepesha wezi. Na kauli ya tatu ni ya mwenye kujistarehesha. Yeye husema ya kuwa maadamu mgeni ana mali nyingi naye anatoa, basi jirani ameondokewa na mzigo, wala halimpasi neno.

Kauli hizi tatu zatofautiana kwa maneno, lakini pana jambo moja zinapokutana: wasemaji wake wote watatu wameshiba. Mwenye njaa hakuwapo barazani wala hakuulizwa. Basi imepasa mas'ala haya yapimwe kwa jambo lililotokea hasa, si kwa dhana, na yapimwe kwa upande wa yule ambaye hakuulizwa.

TUKIO LENYEWE

Nchi ya Somalia si nchi ya mbali kwa watu wa pwani. Mji wa Barawa una watu wake wanaosema Kimwini, nacho ni tawi la Kiswahili. Na visiwa vya upande wa Kismayu ni makazi ya Wabajuni. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi katika watu hawa walikimbia kwa vyombo vya baharini mpaka Mombasa, wakakaa katika kambi za wakimbizi kandokando ya mji katika miaka ile ya 1990. Wazee wa Mombasa waliyaona hayo kwa macho yao.

Ama sehemu ya kusini ya nchi hiyo, baina ya mto Juba na mto Shabelle, ndipo penye ardhi bora ya kilimo kuliko pote. Wakaao humo wengi ni wakulima, nao ni Rahanweyn na wale waitwao Wabantu wa Somalia. Hao Wabantu wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka bara ya Tanganyika, Nyasa na Msumbiji, wakapitishwa katika masoko ya pwani hii hii, wakapakiwa majahazini na kupelekwa kaskazini. Wako miongoni mwao wanaosema Kizigua mpaka leo. Walio wengi wao ni Waislamu, husali na kufunga kama jirani zao. Lakini katika nchi ambayo mtu hulindwa na kabila lake, wao walikuwa hawana kabila lenye silaha wala lenye sauti.

Mwaka 2010 mvua za vuli zilikosekana, na masika ya 2011 yakawa haba. Mimea ikakauka, wanyama wakafa, na bei ya nafaka ikapanda mpaka ikamshinda kibarua. Wenye elimu ya kuchungua mvua na mavuno walikuwa wamekwisha kutoa onyo tangu mwaka 2010, lakini onyo halikuzaa haraka. Tarehe 20 Julai 2011 ndipo Umoja wa Mataifa ulipotangaza rasmi baa la njaa katika sehemu mbili, yaani kusini mwa Bakool na Shabelle ya Chini. Hisabu iliyotolewa mwaka 2013 ilikisia ya kuwa watu 258,000 walikufa kwa sababu ya dhiki ile baina ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Na imekubaliwa baadaye na Umoja wa Mataifa wenyewe ya kuwa yapata nusu ya waliokufa walikuwa wamekwisha zikwa kabla ya siku ile ya tangazo.

Waliokuwa na nguvu ya kutembea walikwenda kwa miguu mpaka Dadaab, upande wa Garissa nchini Kenya. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1991 kwa hisabu ya watu 90,000. Na mwaka 2011 ilikuwa na watu zaidi ya 400,000.

Hapa mwenye akili huuliza: kwa nini mauti yale yaliwashukia zaidi wakulima wa Rahanweyn na Wabantu, waliokuwa wamekaa juu ya ardhi iliyo bora? Ukame hauchagui kabila. Lakini msaada huchagua. Wasomali walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba huwatumia jamaa zao fedha kwa njia ya hawala, na inakisiwa ya kuwa fedha hizo hupita dola bilioni 1 kila mwaka. Hili ni jambo la kusifiwa, kwani ni kuunga udugu. Lakini fedha ya ndugu humfikia mwenye ndugu. Mkulima wa mtoni hakuwa na mtoto London wala mpwa Dubai, basi siku ya dhiki hakuwa na wa kumwita. Yeye ndiye asiye na mtu. Na mas'ala yote ya msaada wa mgeni, ukiyatazama mpaka chini, ni mas'ala yake yeye.

MKONO WA CHINI

Hadithi mashuhuri imeusifu mkono wa juu, ule utoao, kuliko mkono wa chini, ule upokeao. Mwenye kauli ya kwanza huishika hadithi hii akaifanya hoja ya kukataa. Lakini hadithi ile inamhimiza mtu awe mtoaji. Haikumwamrisha mwenye njaa afe. Sharia imemkemea mwenye kuomba hali anacho, na imembainisha yule ambaye kwake kuomba ni halali. Na katika hadithi ya Kabisa, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, yumo aliyefikwa na msiba ukateketeza mali yake, mpaka apate la kumsimamisha. Basi mkulima ambaye shamba lake limekauka na ng'ombe wake wamekufa hana aibu hata chembe. Aibu iko kwa aliyemwona akapita.

Na kuhusu mgeni asiyekuwa Mwislamu, ni jambo linalojulikana katika sira ya kuwa Mtume (S.A.W.) alipokea zawadi ya Mukaukisi, mtawala wa Misri, naye alikuwa Mnasara, na ya kuwa Waislamu wa kwanza, walipodhulumiwa Makka, walikimbilia Uhabeshi, wakapewa amani na mfalme Najashi, naye siku ile alikuwa katika dini ya Kinasara. Hawakuona kuwa ulinzi wa mgeni ni doa katika imani yao. Walilokataa ni kuuza imani hiyo ili wapate ulinzi. Walipoulizwa mbele ya mfalme juu ya Isa bin Mariamu walisema wanaloliamini bila ya kuficha. Huo ndio mpaka: chakula kipokewe, dini isiuzwe.

Tena kuna jambo ambalo mwenye fakhari hulisahau. Fakhari ni halali mtu akiilipa kwa mali yake mwenyewe. Mtu akiamua kufunga mkanda na kukataa cha mgeni kwa nafsi yake, hiyo ni khiari yake, na pengine ni daraja. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2010 kazi ya Shirika la Chakula Duniani ilisimama kusini mwa Somalia kwa vitisho na masharti ya wenye silaha waliokuwa wakitawala huko; na mwezi wa Novemba 2011, katikati ya njaa, wenye silaha hao wakayapiga marufuku mashirika 16 ya misaada. Walisema ya kuwa wageni ni wapelelezi na waharibifu. Hata kama palikuwa na mgeni mmoja mbaya, swali limebaki: ni nani aliyefunga? Waliotoa amri hawakuwa wao waliozika watoto. Fakhari ilikuwa ya mwenye bunduki, na malipo yake yakatolewa na mtoto wa mkulima. Hakuna mtu mwenye haki ya kukataa tonge kwa niaba ya tumbo la mwenziwe.

MKONO WA JUU

Baada ya kumwondolea lawama mpokeaji, yapasa mtoaji naye atazamwe, kwani kutoa si kinga ya kila aibu. Kurani imefundisha katika Suratul Bakara ya kuwa sadaka hubatilika kwa masimbulizi na udhia, na ya kuwa atoaye ili aonwe na watu hapati kitu katika alichotoa. Hukumu hii haikuwekwa kwa Waislamu peke yao. Ni kanuni ya kutoa popote kutokeapo.

Nchi tajiri zilikuwa na khabari ya njaa ya Somalia mapema, nazo zikakawia. Sababu moja ilikuwa ni sheria zao wenyewe dhidi ya maadui zao. Mashirika yaliogopa kushitakiwa iwapo gunia moja litaangukia mkononi mwa wenye silaha, na fedha za Marekani kwa kusini mwa Somalia zikapungua sana katika miaka iliyotangulia njaa. Hivyo mnyonge akabanwa baina ya milango miwili: ndani amefungiwa na adui wa mgeni, na nje amefungiwa na mgeni mwenyewe. Wawili waliokuwa wakipigana walikubaliana katika jambo moja bila ya kuandikiana mkataba, nalo ni kuwa mtu huyu asile.

Mfano ulio kinyume cha huo umo katika tarekhe ya Kiislamu, katika mwaka wa Ramada, mwaka 18 wa Hijra, yapata mwaka 639 kwa hisabu ya Kizungu. Mvua zilikatika Hijazi na watu wakamiminika Madina wakitafuta chakula. Wapokezi wamesimulia ya kuwa khalifa Umar (R.A.) aliwaandikia maamiri wake wa Sham na Misri, na misafara ya ngamia ikaja na unga na mafuta, na nafaka ikaletwa kwa njia ya bahari pia. Basi msaada wa kutoka mbali si bidaa ya zama hizi. Umma uliujua tangu mwanzo wake. Lakini tazama aliyesimamia alikuwa katika hali gani. Umar aliapa asionje samli wala nyama mpaka watu wote wazipate, na rangi ya mwili wake ikabadilika kwa kula mafuta makavu. Hakukaa juu akawatupia walio chini. Aliteremka akaketi nao. Hilo ndilo linalomtenganisha mtoaji na mwenye kuringa.

Na kutoa kwa asiye wa dini moja nako kuna mfano. Mwaka 1847, Waairishi walipokuwa wakifa kwa njaa baada ya viazi vyao kuoza, Sultani Abdulmejid wa Waturuki aliwapelekea paundi 1,000. Hakuna udugu wa damu wala wa dini baina ya Istanbul na Ireland. Lakini njaa ni lugha ambayo kila mwanadamu huisikia bila ya mkalimani.

Jambo la mwisho katika mkono wa juu ni kuwa waweza kuondolewa wakati wowote. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Mwezi wa Machi ikatangazwa ya kuwa sehemu 83 katika kila 100 za shughuli za shirika la misaada la nchi hiyo zimefutwa. Na tarehe 1 Julai 2025 shirika hilo, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1961, likafungwa na kazi zake zilizobaki zikatiwa chini ya wizara. Posho za wakimbizi nchini Kenya zikapunguzwa mwaka huo huo. Mgeni hakuvunja mkataba wowote na mtu wa Dadaab, kwani hapakuwa na mkataba; alichompa kilikuwa hisani, na mwenye hisani akiiondoa hashitakiwi. Hapa ndipo kauli ya tatu, ya mwenye kujistarehesha, inapoanguka. Mwenye kumwachia mgeni mzigo wake amemtundika jirani yake kwa kamba ambayo ncha yake imeshikwa na mtu asiyemjua.

MKONO WA KATI

Watu huzoea kusema juu ya mikono miwili, wa juu na wa chini. Lakini baina ya hiyo miwili pana mkono wa tatu, nao ni wa kati: mwenye ghala, dereva wa lori, mkubwa wa mtaa, mwandishi wa majina, mlinzi wa kambi. Msaada wa mgeni hauwezi kufika bila ya mkono huu, kwani mgeni hajui njia wala lugha. Na katika mkono huu ndimo kheri yote hufaulu au huharibika.

Mwaka 2010 wachunguzi waliowekwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa waliandika ya kuwa huenda nusu ya chakula cha msaada kilichopelekwa Somalia kilikuwa kikipotelea kwa wakandarasi, washirika wa huko na wenye silaha. Na shirika lenyewe la chakula lilikanusha kiasi hicho. Baada ya njaa, wakimbizi waliojazana Mogadishu walikuta kila kambi ina wenye kushika mlango. Shirika la kutetea haki za binadamu, Human Rights Watch, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 jinsi watu hao walivyokuwa wakichukua fungu la posho za wakimbizi na kuwazuia wasiondoke, kwa sababu idadi ya vichwa ndiyo iliyovuta magunia. Na walioonewa zaidi walikuwa nani? Ni wale wale Rahanweyn na Wabantu. Mnyonge akawa ni mtaji wa mtu mwingine: njaa yake ndiyo bidhaa, na kushiba kwake ni hasara ya mwenye mlango. Mwaka 2023 khabari za namna hiyo zilizuka tena, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha kwa muda fedha zake kwa shirika la chakula huko Somalia.

Mwenye kauli ya pili akiyasikia haya husema: je, sikusema? Lakini hoja yake ina kasoro. Chombo kikiingia maji, nahodha hakizamishi. Hukipandisha pwani akakikalafati. Mlango ukishikwa na mwizi, anayeumia kwa kufungwa kwake ni aliye nje akingoja. Mwizi ana njia nyingine za kula. Mwenye njaa hana. Kumwadhibu mwizi kwa kumnyima aliyeibiwa ni dhuluma juu ya dhuluma.

Lililopasa ni kuurudisha mkono wa kati katika mipaka yake, na Sharia imekwisha kuonyesha njia. Wenye kuitumikia zaka wametajwa katika Kurani pamoja na mafakiri na masikini, katika yale makundi manane ya Suratut Tauba. Katika hili mna hekima mbili. Ya kwanza ni kuwa mtumishi ana haki ya kulipwa, wala haifai kumwacha na njaa kisha akashangaliwa akiiba. Ya pili ni kuwa malipo hayo yana kiasi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani, fungu lake ni ujira wa kazi yake tu, na kinachozidi hurudishwa kwa wengine wastahikio.

Na kwa kila kinachopita ujira huo, kisa cha Ibn Lutbia kinatosha. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu huyu kukusanya sadaka, naye aliporudi akagawanya mali mafungu mawili, akasema hili ni la Waislamu na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume akakasirika, akapanda mimbari akawauliza watu: mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Swali hili ni mizani ya kila mwenye cheo katika misaada, awe wa nchi au awe mgeni: gari hili, nyumba hii, safari hii na heshima hii, angevipata lau asingesimama baina ya mtoaji na mwenye njaa?

Insafu inataka pia itajwe kheri ya mkono wa kati. Watumishi wengi wa misaada, na zaidi ya wote wenyeji wa nchi, waliuawa Somalia wakiwa kazini, khasa mwaka 2008. Na mwaka 2011, njia za malori zilipofungwa, mashirika yaligeukia wafanya biashara wa hawala, nao wakafikisha fedha kwa zaidi ya watu milioni 1 katika sehemu za kusini ambazo hata askari hawakuthubutu kuingia. Hawakuwa malaika, walichukua ujira wao. Lakini biashara yao yote husimama juu ya kuaminiwa, na amana ikawa ni njia iliyo wazi wakati barabara zimefungwa. Katika hilo mna mazingatio makubwa kwa kila mtu wa soko.

SHOKA NA KUNI

Imo katika hadithi ya kuwa mtu wa Ansari alikuja kuomba, na Mtume (S.A.W.) hakumpa sadaka wala hakumfukuza. Alimwuliza ana nini nyumbani, akaviuza vitu vyake kwa dirhamu mbili; kwa moja akamwambia awanunulie jamaa zake chakula, na kwa ya pili anunue shoka, akamtia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni. Katika kisa hiki chakula kimetangulia shoka, kwani mwenye njaa hawezi kulinyanyua. Lakini baada ya chakula shoka limefuata, kwani aliyelishwa tu hurudi kesho. Msaada usio na chakula ni ukatili, na msaada usio na shoka ni kifungo.

Mfano wake wa zama hizi uko karibu. Baadhi ya wale Wabantu wa Somalia waliokimbia walipokewa Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Fedha za wageni zilisaidia, lakini ardhi ilitolewa na nchi yenyewe, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Handeni ni nchi ya Wazigua. Ndiyo nchi waliyotolewa babu zao kwa minyororo. Mjukuu wa mtumwa akarudi akapewa shamba na jina katika daftari la nchi. Aliyekuwa hana mtu akawa ana watu. Hapa mgeni alitoa anachoweza kutoa mgeni, yaani mali. Na mwenyeji akatoa kile ambacho mgeni hawezi kukitoa kamwe, yaani udugu.

LILILO JUU YA WATU WA PWANI

Kwa haya yaliyotangulia hukumu yadhihirika. Msaada wa mgeni si aibu wala si wokovu. Ni haki ya dharura ya asiye na mtu, na hudumu mpaka apate watu. Mwenye kuuzuia kwa fakhari amekula maisha ya mwenziwe. Mwenye kuula njiani amekhini amana mara mbili, kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Na mwenye kuutegemea ili yeye asitoe, amemwachia mgeni thawabu na akajibakishia hisabu.

Pengine mtu atasema ya kuwa katika madhehebu ya Shafii zaka haihamishwi kutoka mji wake wakiwamo wastahiki, basi Somalia na Dadaab si jukumu la Mombasa, Lamu wala Unguja. Jawabu ni kuwa sadaka haina ua huo, na mlango wake uko wazi kwa kila aliye hai. Wakenya waliuonyesha mlango huo mwezi wa Julai 2011, walipochangiana kwa simu, shilingi kwa shilingi, kwa ajili ya wenye njaa wa nchi yao wenyewe. Katika wiki chache wakapita shilingi milioni 500. Waliotoa humo wengi hawakuwa matajiri. Na pwani ina urithi wake mkubwa kuliko huo, nao ni wakfu: minazi, nyumba na visima vilivyowekwa na watu waliokwisha kufa ili wasiowajua wapate kunywa na kula. Mali hiyo ingali iko, na Kenya na Zanzibar kila moja ina kamisheni ya kuisimamia. Kila wakfu una mkono wake wa kati, na kila msimamizi ana swali lake la Ibn Lutbia. Hisabu isomwe mbele ya watu, na wastahiki waulizwe kama kimewafikia.

Na kama mtu atakubali kuwa zaka ni ya mji wake kwanza, basi na aitimize hoja yake. Atazame katika mtaa wake mwenyewe: mjane asiye na kaka, mwana wa kambo, mgonjwa wa akili aliyefungiwa ukumbini, mtu ambaye nasaba yake husemwa kwa kunong'ona kwa kuwa babu yake alinunuliwa. Hao ndio Wabantu wa kila mji. Khitma ikisomwa na sinia zikipita, mwenye jamaa hupata hata asipofika, kwani hupelekewa. Na asiye na jamaa huketi karibu na viatu. Kabla mtu hajauliza gunia la mgeni limeliwa na nani, na aulize sinia ya jana haikumfikia nani, na nani aliyeishika njiani.

Mwenyezi Mungu awajaalie waumini mkono wa juu usio na kiburi, awaondolee wenye dhiki haja ya mkono wa chini, na awatie khofu yake wote walio baina ya mikono hiyo miwili. Wabillahi taufiki.